Je, filamu ya Get Out inanionya nimwache mpenzi wangu?

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili nchini Marekani, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nina mpenzi ambaye ni Mmarekani Mweupe. Mwezi ujao amenialika nyumbani kwa wazazi wake, ambao sijawahi kukutana nao, na nyumba yao iko mbali na mji. Rafiki yangu, Mmarekani Mweusi, alinishauri niitazame kwanza filamu ya Get Out. Niliitazama pamoja na mpenzi wangu. Yeye aliisifu kuwa imetengenezwa vizuri, kisha akalala. Mimi sikulala. Tangu siku hiyo kila neno lake nalipima mara mbili, na hata ukarimu wa mama yake kwenye simu unanitia shaka. Rafiki yangu anasema filamu imetokana na mambo ya kweli na kwamba ujumbe wake ni mmoja tu: watu hawa wasiaminike. Je, ni kweli? Niende au nisiende? Na mbona yeye hakuogopa?"

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali matatu, lakini nikiisoma barua yako naona swali la nne ambalo hukuliandika, nalo ni kama bado unaweza kuyaamini macho yako mwenyewe: ukarimu ukiuona ni ukarimu, au ni chambo? Nitayajibu yote, ila hilo la nne ndilo litakaloniongoza, kwa sababu ndilo filamu yenyewe imejengwa juu yake. Kazi yangu ni kufundisha uchambuzi wa filamu, hasa filamu za kutisha. Kwa hiyo nitasema kwa uhakika kuhusu filamu, na pale penye mambo ya afya ya akili nitakuelekeza kwa wenye ujuzi huo. Wasomaji wengine ambao hawajaitazama wajue kwamba nitaieleza mpaka mwisho. Kwa ufupi, Chris, mpiga picha Mweusi, anapelekwa na mpenzi wake Mweupe, Rose Armitage, kwa wazazi wake, na kumbe familia hiyo huwanasa Weusi na kuwanadi kwa matajiri wanaotaka kuishi ndani ya miili yao.

Nianze na madai ya rafiki yako. Get Out haikutokana na tukio la kweli. Iliandikwa na kuongozwa na Jordan Peele, ilikuwa filamu yake ya kwanza kuiongoza, na ilitoka Februari 2017. Familia ya Armitage haikuwahi kuwapo, na upasuaji wa kuhamisha akili ya mtu mmoja kuiingiza katika mwili wa mwingine hauwezekani kitabibu. Hata ile hipnosi ya kijiko na kikombe cha chai, ambayo kwayo mama wa msichana anamfanya Chris ashindwe kunyanyua hata kidole, ni ubunifu. Hipnosi halisi ni hali ya kuelekeza mawazo kwa undani. Hutumiwa na baadhi ya wataalamu wa afya kupunguza maumivu au wasiwasi, huhitaji ushirikiano wa mhusika, na haimgeuzi mtu kuwa mtumwa wa sauti ya mwenzake. Kama kuna mlio wa kijiko unaokukosesha usingizi, upumzishe moyo katika hilo.

Hata hivyo, usimwone rafiki yako kuwa mwongo. Anayoyazungumzia yana mizizi. Kuanzia 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilifanya utafiti huko Tuskegee, Alabama, ambamo mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili madaktari waufuatilie mwendo wa ugonjwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayokubalika. Karibu karne moja kabla ya hapo, katika miaka ya 1840, daktari J. Marion Sims aliwapasua wanawake watumwa huko huko Alabama, mara nyingi bila ganzi, akitafuta mbinu ambazo baadaye zilimpatia sifa. Kwa hiyo Mmarekani Mweusi anapomwona kwenye skrini daktari mpole mwenye nyumba nzuri akimlaza Mweusi mezani, haoni ndoto ya mtunzi pekee. Anakumbuka. Filamu ilibuni kisa, lakini hofu haikuibuni.

Sasa niingie kwenye ujumbe, ambao nadhani umefupishwa vibaya. Kama ungekuwa "wasiaminike", filamu ingekuwa rahisi mno na isingedumu vichwani mwa watu. Peele mwenyewe ni mtoto wa baba Mweusi na mama Mweupe, na mke wake ni Mweupe. Si mtu wa kuyahukumu mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwa kuyatazama kutoka mbali. Shabaha yake ni nyingine, na ukikumbuka karamu ile bustanini utaiona. Je, kuna mgeni hata mmoja aliyemtukana Chris? Hakuna. Mmoja anamweleza anavyompenda bingwa wa gofu Mweusi. Mwingine anamshika misuli ya mkono na kumuuliza Rose, mbele yake, kuhusu mambo ya kitandani. Mwingine anasema kwamba siku hizi weusi ndio unaopendwa. Baba wa msichana amekwisha kumwambia kwamba, kama ingewezekana, angempigia Obama kura kwa muhula wa tatu. Zote ni sifa, na ndipo lilipo jambo ambalo filamu chache za kutisha zililigusa kabla yake: mtu anaweza kusifiwa kumbe anapimwa, kama mnunuzi anavyopapasa kitambaa kabla ya kutaja bei. Kisha mnada unafanyika kimyakimya, kwa karata za bingo, na anayeshinda ni kipofu anayejitetea kwamba rangi ya Chris haimhusu kabisa, anachotaka ni jicho lake la kupigia picha. Sina shaka kwamba huyo ndiye mhusika anayetisha kuliko wote. Anasema kweli kwamba hana chuki, na bado yuko tayari kumfuta mtu ili apate kilicho ndani yake.

Ukiyaweka hayo katika historia ya nchi unayosoma, utaelewa kwa nini hadithi ilihitaji safari ya kwenda kwa wazazi. Richard na Mildred Loving, mwanamume Mweupe na mwanamke asiye Mweupe, walioana mjini Washington mwaka 1958. Waliporudi kwao Virginia, ambako ndoa za namna hiyo zilikuwa marufuku, polisi waliwaingilia usiku chumbani, na mahakama iliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja ambacho kingesitishwa iwapo wangeihama Virginia kwa miaka 25. Tarehe 12 Juni 1967 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba sheria za namna hiyo ni kinyume cha katiba. Wakati huo majimbo 16 yalikuwa bado nazo. Alabama, ambako ndiko Get Out ilikopigwa, ilifuta kifungu chake kwenye katiba ya jimbo kwa kura ya mwaka 2000, na takriban asilimia 40 ya wapiga kura walitaka kibaki. Mwaka ule ule wa 1967 ilitoka filamu mashuhuri ambamo Sidney Poitier alicheza daktari anayepelekwa kwa wazazi Weupe wa mchumba wake, na swali zima lilikuwa kama watamkubali. Peele alilichukua swali hilo akaligeuza: wakimkubali mara moja, kwa furaha, bila kusita, je? Hapo ndipo wewe ulipokamatwa. Mama wa mpenzi wako anakuwa mkarimu kwenye simu, nawe unashtuka, kwa sababu umetoka kutazama hadithi ambayo ukarimu ndio mtego wake.

Nieleze sasa jinsi ulivyoshtushwa, maana mtu akijua jinsi taharuki inavyotengenezwa huanza kuitenga na maisha yake. Taharuki hutokana na kujua kidogo zaidi ya anachokijua mhusika. Filamu inaanza na kijana Mweusi anayetekwa usiku kwenye mtaa tulivu wa matajiri. Chris hakuliona tukio hilo, sisi tumeliona. Kisha majina ya watengenezaji yanapopita, unasikika wimbo wa Michael Abels uitwao Sikiliza Kwa Wahenga, ambao kwa Kiswahili unamhimiza ndugu akimbie. Watazamaji wengi wa Marekani waliusikia kama sauti za fumbo tu. Wewe uliuelewa. Kwa hiyo uliingia katika hadithi ukiwa umeonywa mara mbili, na mpenzi wako aliyekaa kando yako alionywa mara moja.

Baada ya hapo kamera inabaki na Chris karibu muda wote, na kila tukio limeandikwa lisomeke kwa namna mbili. Mfanyakazi wa ndani anautoa waya wa simu ya Chris kwenye chaji: ni bahati mbaya au ni makusudi? Mtunza bustani anamkimbilia gizani kisha anakata kona: ni mazoezi au ni shambulio? Chris anapoyalalamikia mambo hayo anajisikia mpumbavu, kwa sababu moja moja hayana uzito. Mtu mwenye rangi ya wachache anayajua mateso hayo vizuri: kuliona jambo, kushindwa kulithibitisha, na kuambiwa labda umechoka. Hakuna pepo katika filamu hii. Kinachomtafuna Chris kwa zaidi ya nusu ya hadithi ni shaka juu ya akili yake mwenyewe, na shaka hiyo ndiyo uliyoondoka nayo.

Lile shimo la giza analotumbukizwa kwa hipnosi linalisema jambo hilo kwa picha. Chris anaelea chini, anaona dunia kwa mbali juu kama kiruninga, anapiga kelele na sauti haitoki. Peele ameeleza hadharani kwamba shimo hilo ni hali ya watu waliosukumwa pembeni, wanaopaza sauti na mfumo ukawanyamazisha. Lakini angalia pia jinsi mama wa Rose anavyomwingiza humo: anatumia majonzi yake. Chris alikuwa mtoto aliyekaa mbele ya runinga usiku ambao mama yake aligongwa na gari, hakumpigia mtu yeyote simu, na hatia ya kutotenda imebaki mwilini mwake. Yanayomwokoa nayo si ya kubahatisha. Anakwangua kiti alichofungwa, anapata pamba, anaziba masikio. Pamba ile ile ambayo babu zake walilazimishwa kuichuma ndiyo inayomtenga na sauti ya mtesaji. Watu hukumbuka damu ya dakika za mwisho, lakini mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba dakika zile mbili za pamba ndizo roho ya filamu.

Swali lako la tatu, kwa nini yeye hakuogopa, linajibiwa na tukio moja. Mwishoni Chris yuko juu ya Rose aliyejeruhiwa, barabarani, usiku, na taa za gari la doria zinatokea. Ulijisikiaje hapo? Nadhani moyo ulizama. Katika filamu nyingine yoyote ya kutisha taa hizo ni ukombozi. Hapa watazamaji wengi waliguna kwa hofu, wakijua mwanamume Mweusi mwenye damu mikononi juu ya mwanamke Mweupe hatapewa nafasi ya kueleza. Peele alikuwa ameupiga mwisho mwingine ambamo ni polisi kweli, na Chris anaishia gerezani. Aliubadilisha ili anayeshuka garini awe rafiki yake, Rod. Mtazamaji ambaye hajawahi kuziogopa taa hizo analiona tukio, lakini halimpigi kifuani. Kwa hiyo usiuhesabu usingizi wa mpenzi wako kuwa ubaridi wa moyo. Huenda aliielewa filamu kwa akili, nawe uliielewa kwa mwili. Tofauti hiyo ni ya kweli, itajitokeza tena katika maisha yenu, na inaweza kuzungumzwa. Muulize alijisikiaje taa zilipotokea, kisha mweleze ulivyojisikia wewe. Namna atakavyosikiliza itakufahamisha mengi kuliko filamu yenyewe.

Lakini sitakudanganya kwamba kusikiliza kwa upole kunatosha, kwa sababu Rose naye husikiliza. Mwanzoni polisi anamwomba Chris kitambulisho ingawa si yeye aliyekuwa akiendesha, na Rose anamkabili polisi huyo kwa ushujaa. Mara ya kwanza tunampenda kwa hilo. Mara ya pili tunatambua kwamba kitambulisho kikikaguliwa, kutakuwa na kumbukumbu kwamba Chris alipita pale. Anaomba radhi kwa ajili ya baba yake, anakasirika kwa niaba ya mpenzi wake, anasema maneno yote yanayotakiwa. Basi, mtu atamtambuaje Rose? Filamu inatoa jibu katika lile tukio la funguo za gari. Chris ameziona picha za wapenzi Weusi waliomtangulia, wakati Rose alimwambia hakuna. Anataka kuondoka, anaomba funguo, na Rose anazitafuta mkobani, anazitafuta, mpaka anapokiri kwamba hawezi kumpa. Ukirudi nyuma utaona kwamba kila njia ya kutokea ilikuwa ikizibwa: simu haina chaji, gari si lake, nyumba iko mbali, na uongo juu ya yaliyopita. Kumbe alama ya hatari haikuwa rangi ya Rose wala ukarimu wa wazazi wake. Alama ilikuwa kwamba Chris hakuwa na uhuru wa kuondoka, na kwamba aliyemwamini alimficha habari zilizomhusu.

Hicho ndicho kipimo ninachokupa badala ya kupima kila neno. Katika mwaka na nusu mlioishi, umewahi kusema "hapana" au "nataka kuondoka", na ikawa nini? Ulipomwambia mtu fulani amekukosea, aliishia kwenye maneno tu, au alifanya jambo lililomgharimu, kwa mfano kumkabili jamaa yake au kuacha shughuli aliyoipenda? Anayokuambia juu ya maisha yake ya nyuma yanalingana na yale unayoyaona? Kama majibu ni mazuri, una ushahidi wa miezi 18 dhidi ya hofu ya saa mbili. Kama si mazuri, tatizo lilikuwapo kabla ya filamu.

Kuhusu safari, zipo njia tatu na kila moja ina gharama. Ukikataa bila kumweleza sababu utapata utulivu wa wiki moja, lakini umemhukumu kwa makosa ya mhusika wa kubuni, naye ataumia bila kujua amefanya nini. Ukienda huku umejifunga kimya utakaa siku mbili ukihesabu dalili, na aliye katika hali hiyo haoni watu, huona dalili tu. Mimi naegemea njia ya tatu, yaani uende kwa masharti ambayo unayaeleza waziwazi kabla ya kusafiri. Mwulize kama wazazi wake wanajua kwamba wewe ni Mweusi na ni Mwafrika, na walisema nini walipoambiwa. Chris aliuliza swali hilo hilo na jibu alilopewa lilistahili kumsimamisha. Kubalianeni mtafanya nini mtu akisema neno lisilofaa mezani: nani atajibu, na kwa ishara gani mtaondoka. Nenda na usafiri unaoweza kuutumia mwenyewe, simu yenye chaji, na rafiki mmoja anayejua anwani. Usione haya kwa hayo, kwani mwenye nia njema haumizwi na mgeni aliye na njia ya kurudi. Rafiki yako aliyekushauri uitazame filamu anafaa sana kuwa mtu huyo. Rod alichekwa na wapelelezi, na mmoja wao alikuwa mwanamke Mweusi, lakini hakuacha kumtafuta mwenzake.

Jiandae pia kwa jambo linalowezekana zaidi kuliko mtego, nalo ni aibu ndogo ndogo: swali la kijinga kuhusu Afrika, sifa ya Kiingereza chako, hadithi ya safari ya kuona wanyama. Hayo yanachosha, nawe huna wajibu wa kuyafurahia. Unaweza kuyajibu au kuyapita, na ukayazungumza na mpenzi wako jioni. Namna atakavyoyapokea, bila kukuambia kwamba walikuwa na nia njema tu, ni kipimo kingine.

Kuna hali ambazo barua na majibu yangu havitoshi. Ukiona usingizi haujarudi kwa wiki kadhaa, picha za filamu zinakuvamia mchana, moyo unakwenda mbio kila simu yake inapolia, au umeanza kukwepa masomo na marafiki, nenda kwenye kitengo cha ushauri nasaha cha chuo chako. Vyuo vingi vya Marekani vina huduma hiyo kwa wanafunzi, na una haki ya kuomba mshauri mwenye uzoefu wa masuala ya rangi na ya wahamiaji. Mara nyingi filamu hufungua tu mlango wa jambo la zamani zaidi, pengine ulilokutana nalo tangu ufike nchini humo, na mshauri wa ana kwa ana ndiye anayeweza kulitazama pamoja nawe. Mazungumzo yenu yakigeuka ugomvi usioisha, mshauri wa wapenzi anaweza kuwaona nyote wawili. Na endapo mtu yeyote, wa rangi yoyote, anakunyang'anya simu au hati zako, anakuzuia kuondoka, au anakutisha kwa kutumia hadhi yako ya uhamiaji, usisubiri ushauri wa mwalimu wa filamu: namba ya taifa ya msaada kwa wanaonyanyaswa katika mahusiano ni 1-800-799-7233, iko wazi saa zote na unaweza kuomba mkalimani, na kukiwa na hatari ya papo hapo piga 911.